Masika hayaletwi na fronti

Imefundishwa kwa miaka mingi kwamba masika na vuli hutokea pale upepo wa kaskazi unapogongana na kusi, kama hewa baridi na hewa ya joto zinavyokutana Ulaya. Dhana hiyo ina asili yake Bergen, Norwei, ambako mwaka 1919 Jacob Bjerknes alieleza mpaka huo wa hewa mbili, ambao baadaye uliitwa fronti. Wataalamu wakauhamishia tropiki. Afrika Kusini fronti zipo kweli, hasa majira ya baridi. Karibu na ikweta, hata hivyo, pepo hizo mbili hutofautiana kidogo mno kwa joto, na tofauti ya joto ndiyo nguvu ya fronti. Kinacholeta masika hasa ni ukanda wa mvua: jua la utosi hupasha ardhi na bahari, mgandamizo wa hewa hupungua, pepo hukusanyika, na hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kufanya mawingu. Ndiyo maana mtabiri wa Nairobi au Dar es Salaam, asiye na fronti ya kufuatilia kwenye ramani, huchunguza zaidi unyevu, mkusanyiko wa pepo na joto la Bahari ya Hindi, na si haki kumdai saa kamili ya mvua ya mtaa mmoja.