Kauli kali za watetezi wa wanyama: kelele si kura
Wengi hudhani kauli ya kushtua huwasaidia watetezi wa wanyama, mradi izungumzwe. Kuzungumzwa itazungumzwa, ila mada huhama. Mwaka 2003 PETA, shirika la kutetea wanyama, iliweka picha za mifugo iliyobanwa vizimbani kando ya picha za wafungwa wa kambi za Wanazi. Vizimba vikasahaulika, likabaki tusi kwa wahanga. Kiongozi wa PETA, Ingrid Newkirk, aliomba radhi mwaka 2005. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakubali zuio la Ujerumani dhidi ya mabango hayo.

Linganisha na California, 2008. Wapiga kura waliulizwa jambo dogo, karibu la kuchosha: je, kuku, nguruwe na ndama waweze kulala, kusimama, kugeuka na kujinyoosha? Zaidi ya asilimia 60 walikubali.