Nguvu ya juu kabisa si usalama wa trela
Miongoni mwa madereva wa pikapu nchini Marekani, ambako trela nyingi zina breki za umeme, imedumu imani kwamba kidhibiti cha breki, yaani kifaa cha ndani ya gari kinachopeleka umeme kwenye breki za trela, kikiwekwa kwenye kiwango cha juu kabisa ndipo safari huwa salama. Sivyo, na kosa hili ni la hatari. Umeme mwingi kupita kiasi huzipa nguvu sumaku za breki hadi magurudumu yakakwama, na tairi linaloburuzika hushika barabara kidogo kuliko linalozunguka, hivyo trela huweza kuyumba, hasa ikiwa tupu. Inafaa kujaribu kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa kwenye lami kavu na tambarare, ukibana swichi ya mkono ya kidhibiti, inayofunga breki za trela pekee, na kuongeza nguvu kidogo kidogo mpaka breki zishike imara bila magurudumu kukwama. Mzigo ukibadilika, kipimo hurekebishwa upya.