"Ni malaria tu, dokteri": homa ya mtu anayechomwa Haldol

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, homa ina jina moja. Mtoto akichemka ni malaria, mzee akitetemeka ni malaria, na kijana anayetumia dawa za akili akifika digrii 40 na shuka likalowa, hiyo nayo ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mgonjwa anayepewa neuroleptiki, yaani dawa za kutuliza wazimu kama Haldol na Largactil, ninadai swali moja kabla neno hilo halijatamkwa, na nitaendelea kulidai hadi nistaafu: mwili wake ni mlaini au mgumu?

Mwezi wa tatu tuliletewa kijana wa Kadutu, miaka 22. Alikuwa haongei na mtu ila na sauti zake. Familia ilimpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi. Huko alifungwa kamba mikononi na kufungishwa kavu, siku tatu bila chakula wala maji. Aliposhindikana akapelekwa kituo cha afya, akawa anachomwa Haldol asubuhi na jioni, na usiku Largactil juu yake. Siku ya nne akaacha kupiga kelele, nyumbani wakashukuru kwamba ametulia. Siku ya tano homa ikapanda. Kipimo cha malaria kikatoka chanya, akaanzishiwa artesunate. Na kwa kuwa hajibu akiitwa wala hafungui mdomo kula, wakasema wazimu umezidi, wakaongeza Haldol.

Alifika kwetu siku ya saba, mama yake akimpepea kwa kipande cha kitenge. Jasho lilikuwa limepenya hadi kwenye godoro. Nilimshika kifundo cha mkono nikajaribu kukunja kiwiko, kikanigomea kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepinda bomba. Mguu vivyo hivyo. Presha ilikuwa 170. Nusu saa baadaye ikawa 100. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kavu iliyosahauliwa jikoni.

"Mama, sindano ya mwisho amechomwa lini?"

"Jana jioni, dokteri. Lakini hii ni malaria tu. Karatasi hii hapa."

Karatasi haikudanganya, vimelea vilikuwemo. Ila katika nchi yetu mtu mzima anaweza kutembea na vimelea vya malaria kwenye damu bila kuumwa, na hata akiumwa kweli, malaria haifukuzi ugonjwa mwingine. Maradhi mawili hulala kitanda kimoja. Kipimo chanya kinakuambia umtibu malaria, na umtibu. Hakikuambii kwamba umemaliza kutafuta. Malaria kali inaweza kutia mkojo weusi, ndiyo, na ya ubongo humzimisha mtu na kumtia degedege. Lakini mwili wote kuwa bomba lisiloachia, kwa mtu aliyechomwa neuroleptiki wiki hiyohiyo, hapo dawa ndiyo mshtakiwa wa kwanza.

Kilichokuwa kinamuua ni sindromu malini ya neuroleptiki: homa, misuli kukaza, akili kuvurugika, presha na mapigo ya moyo kuyumba. Dawa hizi huziba milango ya dopamini kwenye ubongo, na ndivyo zinavyonyamazisha sauti. Dopamini hiyohiyo inasaidia kuongoza joto la mwili na ulegevu wa misuli. Kwa watu wachache sana uongozi huo unaanguka. Misuli iliyokaza mchana na usiku inazalisha joto, kisha inaanza kumeguka, na mabaki yake yanasafiri kwenye damu hadi kuziba figo. Rangi ile ya mkojo ilikuwa nyama ya kijana mwenyewe.

Ni ugonjwa nadra. Takwimu za miaka ya karibuni hutaja mtu 1 au 2 kati ya 10,000 wanaotumia dawa hizi. Unadra huo ndio mtego: muuguzi anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuuona, na siku ukija mbele yake anauita jina analolijua. Karibu theluthi mbili ya wanaoupata huanza ndani ya wiki ya kwanza ya dawa, na wengine karibu wote ndani ya mwezi. Kwa hiyo homa ya mgonjwa aliyeanzishiwa dawa juzi haina uzito sawa na ya mtu aliyezimeza miaka mitano bila tatizo, ingawa huyo naye, dozi yake ikipandishwa ghafla, anarudi kwenye hatari.

Jina lenyewe limetuongezea kazi. Wafaransa Jean Delay na wenzake, walioueleza mwaka 1960, waliuita "malin" kwa maana ya ugonjwa mkali. Lakini kwa Mkristo wa hapa aliyesali kwa Kifaransa tangu utotoni, "le Malin" ni Shetani mwenyewe. Niliwahi kulitaja mbele ya shangazi wa mgonjwa mmoja. Kabla sijafika mwisho wa maelezo alikuwa ameshampigia simu mchungaji. Tangu siku hiyo nasema "homa ya kukakamaa", na watu wananielewa.

Yule kijana alikuwa ameandaliwa kwa homa hiyo kabla ya sindano ya kwanza. Mwili uliokauka maji, uliopambana na kamba usiku na mchana, kisha ukapigwa dozi kubwa kwa haraka, dawa mbili za aina moja kwa pamoja: hayo yote yanajulikana kuongeza hatari. Simkatazi mtu kumwombea mgonjwa wake. Mimi pia nasali. Nasema apewe maji.

Matibabu ya kwanza hayahitaji mashine: neuroleptiki zote zinasimama saa hiyohiyo. Halafu serumu nyingi ya mshipani, vitambaa vya maji kwapani na kwenye kinena, diazepamu ya kulegeza, bromokriptini ya kuamsha kazi ya dopamini ikipatikana, na mkojo upimwe kila saa ili tujue figo bado zinafanya kazi. Malaria yake tuliimalizia dozi. Siku ya tisa tangu afike kwetu alikunja kiwiko mwenyewe, akashika kikombe cha uji. Angekuwa amechomwa Modecate, ile sindano ya mafuta inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, tungesubiri zaidi, maana ikishaingia hakuna anayeweza kuitoa. Ndiyo sababu siungi mkono kumpa mtu sindano ya mafuta kabla ya kumjaribu kwanza kwa vidonge.

Familia naziomba mambo mawili. Wiki mbili za mwanzo, mkunjeni mgonjwa kiwiko kila jioni, kama mnavyomgusa mtoto paji la uso. Na karatasi yenye majina ya dawa na tarehe ya kila sindano ikae pamoja na kadi ya uchaguzi, isiachwe nyumbani. Homa na ugumu vikikutana, hata kwa mbali, dozi inayofuata isitolewe, mtu apelekwe hospitali kubwa usiku huohuo. Na mfike mkisema wazi: anatumia Haldol. Msifiche kwa aibu. Daktari wa zamu ambaye hajaambiwa ataandika malaria, na sitamlaumu.

Yapo mengine ninayoyasikia kila wiki.

"Ni karuho." Kwa wanaokataa malaria, sumu ndiyo jibu la pili, na anatafutwa mtu wa kumtapisha. Kumnywesha kitu mtu aliyekaza taya ni kumjaza mapafu.

"Macho yamegeuka juu, pepo limeamka." Hili si nadra kama homa ya kukakamaa. Ni distonia: misuli ya macho, shingo au ulimi inakaza ghafla, hasa kwa vijana wa kiume, na nusu ya wanaoipata huipata ndani ya saa 48 za dozi ya kwanza. Inatisha kuitazama, mgonjwa anakusikia, analia, hawezi kurudisha shingo. Lugha yetu inalisaidia kosa hili, hata tetanasi tumeiita pepopunda, pepo limekaa ndani ya jina. Lakini mwangalieni mama anayetapika, ambaye hajaumwa akili hata siku moja, akachomwa Primperan ya kuzuia kutapika kituoni, na jioni shingo ikapinda vilevile. Primperan nayo huziba dopamini. Akineton au Phenergan ya sindano inalegeza kwa kawaida ndani ya nusu saa. Koo likikaza na pumzi ikawa ya kukoroma, hapo hamna hata dakika ya kubishana.

"Hatulii, anazunguka nyumba nzima, dawa ni kidogo." Mwulizeni kabla ya kuongeza. Akijibu kwamba miguu yenyewe haimruhusu kukaa, kwamba ndani anawaka, hiyo ni akatizia, na Haldol ya ziada inamzidishia moto. Mateso haya yamewafanya watu kutaka kujiua, kwa hiyo msiyachukulie kama utundu. Dozi inapunguzwa, propranololi husaidia wengi, isipokuwa mwenye pumu.

"Artane ni vitamini ya Haldol, imezwe daima." Hapana. Inafaa kwa misuli inayokaza bila homa mwanzoni mwa dawa, kisha inapunguzwa na daktari. Ikizidi inachanganya kichwa, inafunga mkojo na kukausha jasho, na mtu asiyetoa jasho hapoi joto. Wala haitibu kile cha miaka mingi, pale bibi aliyemeza dawa tangu ujanani anapoanza kutafuna bila chakula na kutoa ulimi. Hiyo ni diskinesia ya kuchelewa, na Artane inaweza kuizidisha. Kumwambia bibi huyo aache tabia mbaya mbele ya wageni ni kumwonea, hawezi kuuzuia mdomo wake. Dawa mbili za kuitibu, valbenazini na deutetrabenazini, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Katika maduka ya dawa ya hapa sijaziona. Tunachoweza ni kuiona mapema, na kwa hiyo kila miezi sita nawaomba wagonjwa wangu watoe ulimi niutazame, na wanaoudhika nawavumilia.

"Dawa mpya hazina shida hizo." Zinazo, kwa uchache. Olanzapini, risperidoni na hata klozapini zimewahi kuleta homa ya kukakamaa.

Na la mwisho, alilosema mama wa yule kijana siku ya kutoka: "Basi dawa hizi hatazigusa tena maisha yake." Namwelewa kabisa. Lakini sauti zilikuwa zimeanza kurudi, na mtu akirudia wazimu bila dawa atarudi kwenye kamba. Tulisubiri zaidi ya wiki mbili tangu homa na ugumu viishe, tukachagua dawa nyingine, dozi ndogo, kidonge kimoja usiku, bila sindano. Mama yake alikubali kwa sharti kwamba wiki za kwanza alale kituoni karibu naye. Jioni ya pili nilipopita na kipima joto, alikuwa ameshaukunja mkono wa mwanawe mara mbili. "Ni mlaini, dokteri," akaniambia, kisha akaukunja tena ili nione.