91 si namba tasa, na sikuhitaji kigawo chake

Nimeulizwa tena, na safari hii muulizaji ni mwalimu mwenzangu wa hisabati: "Kama hujapata kigawo chake, umejuaje kwamba si namba tasa?" Wanafunzi wa tuisheni hapa Moshi nawasamehe, wamezoea kujaribu 2, 3, 5, 7 hadi kufika kipeuo cha pili. Mwalimu mzima simsamehe.

Haya, tuchukue 91, ambayo nusu ya darasa huapa kuwa ni tasa. Tangu 1640 Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alishasema: p ikiwa tasa kubwa kuliko 2, basi 2 kwa kipeo cha p−1, ukigawa kwa p, lazima ibaki 1. Sasa hesabu nami. 2 kwa kipeo cha 12 ni 4096, 91 mara 45 ni 4095, baki 1. Kipeo tunachokitaka ni 90, yaani 12 mara 7 na ziada 6. (Hiyo 7 ni idadi ya marudio tu, sikuitumia kama kigawo cha 91, usinishike shati.) Marudio yote yanatoa 1, kwa hiyo kinachobaki ni 2 kwa kipeo cha 6: 64. Ilitakiwa 1, imekuja 64. Basi, 91 si tasa, na wala sijagawa kwa kitu kingine zaidi ya 91 yenyewe.

Kinyume chake ndicho kinachoniudhi zaidi. Baki ikiwa 1, watu hushangilia: "Tasa!" Hapana. Jaribu 341: 2 kwa kipeo cha 10 ni 1024, na 341 mara 3 ni 1023, baki 1, kwa hiyo kipeo cha 340, yaani 10 mara 34, nacho kinatoa 1. Lakini 341 ni 11 mara 31. Kipimo hiki kinajua kukataa, hakijui kuthibitisha. Kubadilisha 2 ukaweka 3 kunasaidia hapa, ila 561 itakupiga chenga kwa kila namba isiyo na kigawo cha pamoja nayo.

Mwenzangu akasema hiyo ni michezo ya namba ndogo. Sawa. 2 kwa kipeo cha 67 toa 1 ni 147573952589676412927. Mtawa Mfaransa Mersenne aliiorodhesha kama tasa mwaka 1644. Mwanahisabati Lucas akaikataa 1876, bila kigawo hata kimoja mkononi. Vigawo vyenyewe, 193707721 na 761838257287, alivitoa mwanahisabati Cole mwaka 1903. Miaka 27 dunia ilijua namba inavunjika, isijue inavunjikia wapi.

Kwa nini kujua kama namba ni tasa kuwe rahisi na kuivunja katika vigawo vyake kuwe kugumu hivi? Ukweli ni kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa kuvunja ni kugumu. Tumeshindwa tu, na juu ya kushindwa huko tumejenga sehemu kubwa ya usiri wa intaneti. Upande wa kujua, Agrawal, Kayal na Saxena wa India walionesha mwaka 2002 njia ya uhakika, isiyobahatisha, ambayo hailemewi namba zinaporefuka. Hata hiyo, ikikuambia namba kubwa si tasa, kwa kawaida vigawo utajitafutia mwenyewe.