Kondo la nyuma likionekana chini, si lazima upasuaji

Wajawazito wengi Nairobi huamini kwamba ripoti ya skani ya wiki ya 20 ikisema kondo la nyuma limekaa chini, basi kujifungua kwa upasuaji hakuepukiki. Hofu hiyo inaeleweka, kwani mama hukabidhiwa karatasi yenye maneno mazito bila mtu wa kumfafanulia. Hata hivyo, kwa walio wengi kondo hilo huwa limepanda kufikia wiki ya 32 au 36, kwa sababu sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi hurefuka na kuliweka mbali na mlango wake. Isome ripoti mwenyewe: imetaja umri wa mimba, na umbali wa kondo kutoka mlango huo? Umbali usiofika milimita 20 huhitaji skani ya marudio. Kondo lililofunika mlango kabisa, au lililo juu ya kovu la upasuaji wa awali, hufuatiliwa kwa makini zaidi. Wiki za kungoja ni ngumu, nami sioni kwa nini mama azipitishe peke yake; aende kliniki na mwenzake au dada yake, maswali yakiwa yameandikwa. Damu ikitoka, hata bila maumivu, aende hospitali papo hapo.