Apostili Haikupi Ruhusa ya Kufanya Kazi

Nimeulizwa tena: "Cheti changu kimeshagongwa apostili, kwa hiyo kinatambulika, siyo? Naanza kazi lini?" Anayeuliza ni muuguzi anayetaka kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Ameshaandika barua ya kuacha kazi, kwa sababu wakala aliyechukua pesa yake kamwambia mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Hayajaanza.

Apostili, yaani uthibitisho rasmi unaowekwa kwenye hati ili ikubalike nchi nyingine, imetokana na Mkataba wa Hague wa 1961. Inathibitisha saini, cheo cha aliyesaini, na muhuri uliopo kwenye karatasi. Basi. Ulichosoma haikigusi kabisa. Chuo kinaweza kuwa kibovu kupindukia na cheti chake kikapata apostili safi, mradi saini ni halali.

Inayowachanganya hata wasomi ni tathmini ya shahada. Kwa Uingereza utasikia taasisi iitwayo UK ENIC, kwa Kanada wengi hupitia WES, Ujerumani ni ZAB. Hao watakwambia shahada yako inalingana na ngazi gani ya kwao. Kwa mtu wa masoko au mtengeneza programu, hilo mara nyingi linatosha, maana mwajiri akiridhika hakuna wa kumpinga. Ila daktari, muuguzi, mfamasia, mwalimu, na mahali pengi mhandisi, ana baraza au mamlaka yenye kauli ya mwisho, na tathmini ya jumla haiifungi mikono. Ripoti uliyotumia kupata pointi za uhamiaji Kanada haikuruhusu kumchoma mgonjwa sindano hata moja. Wauguzi huko husajiliwa na kila jimbo kivyake. Na wahandisi wanaonitajia Mkataba wa Washington wa 1989 wausome vizuri: unatambua programu za masomo zilizoidhinishwa. Leseni hautoi.

Baraza halivutiwi na jina la shahada. Linafungua mtaala. Mstari unaosema "Afya ya Akili II, B+" haumsaidii mtathmini: saa ngapi zilikuwa darasani, ngapi wodini, nani alisimamia? Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2005/36 linataka muuguzi awe na angalau saa 4,600 za mafunzo, na nusu yake au zaidi ziwe za vitendo kwa wagonjwa. Aliyesoma nje ya Ulaya hapati utambuzi wa moja kwa moja, lakini ujue mtaala wake unakwenda kupimwa na watu waliozoea kipimo hicho. Kwa hiyo kamata mchanganuo wa saa, wodi kwa wodi, ukiwa bado unaweza kwenda mwenyewe kwa msajili wa chuo. Uliza pia kama chuo ndicho kinachotakiwa kutuma nyaraka. Ukizibeba mkononi, baadhi ya mabaraza hayazipokei.

Ujerumani, jibu mara nyingi huwa barua inayoorodhesha mapungufu. Watu huipokea wakalia kwamba wamekataliwa. Hawajakataliwa! Muuguzi anaweza kufanya mtihani wa maarifa au kozi ya kuziba pengo. Uzoefu wa kazi nao unaweza kufidia sehemu ya upungufu, ndiyo maana nasisitiza barua za waajiri zitaje majukumu, idara na miaka. "Alikuwa mchapakazi na mwaminifu" haijazi saa hata moja.

Lugha siielezi sana. Anza leo.

Nina shaka zangu pia. Nimeona mafaili yanayofanana yakijibiwa tofauti na ofisi mbili za nchi moja, na siamini kwamba kila sharti lipo kumlinda mgonjwa. Mengine yanawalinda waliokwisha kuingia. Hata hivyo simshauri mtu azunguke mlango wa nyuma, kwa sababu anayefutiwa usajili ni yeye, wala si wakala.

Barua ya baraza lako la nyumbani inayosema huna kesi ya kinidhamu iombe mwishoni. Mabaraza mengi ya huko uendako huikubali kwa miezi michache tu, na nimeshuhudia faili zuri likirudi nyuma kwa sababu barua hiyo ilichukuliwa mapema mno.