Kipande cha chakula katika matofali ya kuchezea: maana yake

Jumamosi moja nilirudi kutoka soko la Kadutu na mfuko wa matofali ya plastiki niliyoyachambua kwenye rundo la vichezeo vya chaguwa, vile vinavyofika hapa Bukavu pamoja na nguo zilizokwisha kuvaliwa. Tuliviosha kwa maji na sabuni, tukavimwaga juu ya mkeka. Binti wa dada yangu, mwenye miaka saba, akapanga matofali kwa rangi. Mwishoni akabaki na vitu ambavyo hakujua aviweke fungu gani: ndizi, soseji, mkate mrefu, paja la kuku, kikombe. Akaniuliza: "Mama mudogo, hii ndizi ni ya kujenga, ao ni chakula ya bale batu ba plastiki?"

Ni yote mawili, na hapo ndipo dhana yenyewe ilipo. Kipande cha chakula ni kipande cha mchezo wa kujenga chenye sura ya kitu kinacholiwa, lakini chenye pia mahali pa kushikana na vipande vingine vya mchezo huohuo. Ndizi ya plastiki inayouzwa peke yake dukani ina sura tu: unaiweka mezani, inalala pale. Ndizi ya kwenye matofali inashikwa na kiganja, inasimama, inabeba kazi. Ukiondoa uwezo huo wa kushikana, umebaki na kidude cha kupamba.

Ili kuelewa kushikana huko, lazima kuanza na vipimo. Kampuni ya Lego, ambayo jina lake watu wengi hulitumia kwa matofali yote ya aina hii, ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen katika mji wa Billund, Denmark. Jina limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali tunalolijua, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliombewa hati ya uvumbuzi tarehe 28 Januari 1958, na tofali la enzi zile bado linashikana na lililotoka kiwandani juzi. Hilo linawezekana kwa sababu vipimo havijaguswa: kinundu kina upana wa milimita 4.8, kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8, na tofali lina kimo cha milimita 9.6 bila kuhesabu kinundu. Kile kibapa chembamba kina kimo cha milimita 3.2, kwa hiyo vibapa vitatu vikipandana ni sawa na tofali moja.

Watu wadogo wa plastiki wenye mikono na miguu inayosogea walikuja mwaka 1978. Kiganja chao kina umbo la herufi C, na uwazi wake unabana kijiti cha milimita 3.2. Basi chakula chochote kinachotakiwa kushikwa mkononi lazima kiwe na sehemu yenye unene huo: soseji kwenye mwili wake, paja la kuku kwenye mfupa wake, cheri kwenye kikonyo. Mchongaji wa kipande hakuanza na njaa, alianza na kiganja.

Hapo ndipo utaona kwa nini vyakula hivi ni vikubwa mno. Mtu wa plastiki ana kimo cha sentimita 4 hivi. Tukimhesabu kuwa ni mtu mzima wa sentimita 170, kila kitu chake kimepunguzwa karibu mara 42. Zidisha sasa zile milimita 3.2 kwa 42: soseji aliyoishika ingekuwa na unene wa zaidi ya sentimita 13, nene kuliko mguu wa meza. Kuipunguza ifuate kipimo cha kweli kungeifanya iwe nyembamba kama uzi, ianguke kutoka mkononi, na mtoto aipoteze siku hiyohiyo. Mimi naona walichagua vizuri. Katika kuchora na kuchonga pia, kitu chenye maana katika hadithi huruhusiwa kuwa kikubwa.

Sura ya chakula huletwa kwa njia tofauti. Kuna chakula kilichotoka moja kwa moja kwenye kalibu, yaani chombo cha kumiminia plastiki, kama ndizi, kroasanti (ule mkate mdogo uliopinda) na ule mkate mrefu tunaouita bagete. Kuku aliyechomwa naye ni hivyo, ila amegawanywa: mwili wake ni kipande kimoja na mapaja mawili yanachomoka, ili kila mtu apewe lake. Karoti ni mzizi wa rangi ya machungwa wenye tundu juu, na majani yake ya kijani ni kipande kingine kinachochomekwa humo. Tena kuna chakula kilichochapwa tu: duara laini lililochorwa piza, au robo ya duara yenye wekundu na mbegu ikawa kipande cha tikiti. Chakula cha namna hii hakina umbo lake chenyewe, kimevaa picha. Na kuna kile ambacho hakuna kiwanda kilichokitengeneza kama chakula, bali mtoto amekijenga. Weka kibapa cheupe, juu yake duara dogo la njano: yai la kukaanga hilo.

Aina hiyo ya mwisho watoto wetu waliijua kabla ya plastiki. Katika mchezo wa kupikapika, udongo ni bugali (ugali), majani yoyote ni sombe (mboga ya majani ya muhogo), kifuniko cha chupa ni sahani. Jani ni sombe kwa sababu wachezaji wamekubaliana hivyo, na kesho wakikubaliana kuwa ni pesa litakuwa pesa. Ndizi ya kalibu imefika ikiwa imeshaamuliwa kuwa ndizi. Kwa sababu hiyo baadhi ya wazazi husema vipande vya namna hii vinamfungia mtoto mawazo. Hofu yao naielewa, lakini sikubaliani nayo, kwa kuwa kile kiungo cha milimita 3.2 hakijui kwamba kiko kwenye soseji. Soseji ya kahawia inabanwa mlangoni ikawa mpini. Kroasanti nyeupe zikipangwa chini ya paa la jengo zinakuwa mapambo ya plasta. Wabunifu wa kampuni yenyewe hufanya hivyo kwa vipande vya kila aina: mti wa bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni, waliouza mwaka 2021 una maua ya waridi, na maua hayo ukiyatazama karibu ni vyura wadogo mia moja wa rangi hiyo.

Jambo ambalo linanigusa zaidi ni meza ya nani imewekwa ndani ya boksi. Bagete na kroasanti Bukavu tunazijua, ndizi ndiyo kabisa. Lakini katika mfuko wetu hapakuwa na bugali, wala sombe, wala sambaza, samaki wadogo ambao asili yao ni ziwa Tanganyika na waliletwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakawa chakula cha kila nyumba hapa. Mtoto anayejenga jiko na kulikosa jiko la mama yake ndani yake anajifunza kitu, hata kama hakuna aliyekusudia kumfundisha. Dawa ni ile aina ya tatu, chakula cha kujengwa.

Tahadhari moja nisiifiche. Vyakula hivi ni vipande vidogo sana, na sura yake inamwambia mtoto mchanga "nile". Wakaguzi wa vichezeo hutumia kopo la kupimia lenye upana wa milimita 31.7, kipande kinachozama chote humo kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, na ndizi ya matofali inazama bila shida. Vichezeo vya chaguwa havina boksi lenye onyo, kwa hiyo onyo ni wewe mwenyewe. Kwetu kuna mtoto wa miezi kumi na nne, na vyakula vyote vinakaa kwenye kopo la maziwa la bati juu ya kabati. Na asidanganywe mtu na habari kwamba plastiki hii inatokana na mmea. Ni kweli kuwa tangu 2018 kampuni hiyo hutengeneza majani na miti yake kwa plastiki laini iliyotokana na muwa, lakini hakuna utamu uliobaki humo, na matofali magumu ni plastiki nyingine kabisa.

Jioni ile tulijenga bugali. Kuba jeupe juu ya duara la kahawia likasimama vizuri. Majani ya kijani yakawa sombe. Kwa sambaza alitafuta sana, mpaka akapata vile vipande vya kijivu vyenye ncha vinavyotumika kuwa meno ya joka, akavipanga sita kando ya sahani. Kisha akamketisha mtu wa plastiki, akagundua kwamba kuba halina pa kushikwa: mkono unaligusa tu na kuteleza. "Huyu hawezi kula bugali," akasema, akakasirika kweli. Tukarudi kwenye mkeka kuchambua upya. Chini kabisa ya fungu la nyeupe kulikuwa na kijiti kifupi, kipande cha fimbo iliyokatika. Akakichomeka kwenye kiganja, kikabana.

"Tonge," akasema.